Chipu Iliyokataa Kuandikwa

Kila asubuhi kabla ya gwaride, Kalunde alipita maabara ya shule yao ya Kikima kugeuza mayai. Siku hiyo, kabla hata hajaweka begi chini, aliona jambo dogo: taa ya kiangulio, lile sanduku la kuangulia mayai, ilikuwa bado inawaka, ingawa kipimajoto kilikuwa kimepita alama nyekundu.

Alifungua kifuniko haraka. Mayai yale yalikuwa ya nyanya yake, Susu Kalekye. Ugonjwa wa kideri ulikuwa umewamaliza kuku wake wote, na hayo ndiyo yaliyobaki.

"Ni jua hili," alisema Mwalimu Wamaitha alipoitwa. "Programu ya zamani huhesabu muda tu. Haijui kama kuna baridi au joto. Kitheka, leta ile yako mpya."

Kitheka, kiongozi wa chama cha sayansi, aliunganisha kompyuta na chipu, kile kipande cheusi kinachoongoza taa. Akabonyeza. Ikakataa. Akabonyeza tena.

"Waya huu ni mbovu," alilalamika. Akaubadilisha. Ikakataa.

"Bonyeza mpaka Krismasi!" Mutiso, mwanachama mwenzao, alimcheka.

Kalunde alinong'ona kitu.

"Sema kwa nguvu, mayai yenyewe hayajakusikia," Mutiso alimtania.

"Waya ni mzima," alisema Kalunde, macho chini. "Kila tukijaribu, kompyuta inataja jina la chipu. Zinasikizana. Chipu ndiyo inakataa kuandikwa."

Mwalimu aliinama akasoma maneno kwenye kioo cha kompyuta. "Kweli. Imefungwa. Aliyeitengeneza hakutaka mtu aige programu yake. Kuifungua ni lazima tufute kila kitu kilichomo, na cha zamani hakitarudi." Akamgeukia Kitheka. "Una hakika na programu yako?"

Kitheka aliondoa mkono kwenye kompyuta. Wiki nzima alikuwa amejigamba nayo.

"Mwalimu, mimi nilichapa tu. Aliyeiandika ni Kalunde."

Wote wakageuka. Kalunde alitamani kujificha chini ya meza. Lakini alikumbuka alivyoijaribu kwenye chipu nyingine, akipumulia kihisi cha joto mpaka taa ikazimika, akikipepea mpaka ikawaka.

"Tufute?" Mwalimu alimuuliza.

Akatikisa kichwa kukubali.

Mutiso alitumwa kwa Susu, ambaye boma lake lilipakana na shule. Susu akaja na blanketi, akayafunga mayai mwenyewe yasipoe.

"Kuku naye hushuka kwenye kiota akanywe maji," alisema. "Lakini hakawii. Nanyi msikawie."

Wakafuta. Wakapakia. Ikakataa tena!

Kitheka alishika kichwa. Kalunde hakungoja kuulizwa. Alichomoa umeme wa chipu, akangoja kidogo, akaurudisha ili chipu ianze upya.

"Sasa," alisema.

Safari hii mstari wa kijani kwenye kioo ulijaa mpaka mwisho. Wakayarudisha mayai, wakakodolea taa macho. Joto lilipanda likafika alama. Taa ikazimika. Hakuna aliyepumua mpaka ilipowaka tena yenyewe.

Vifaranga walipoanguliwa, maabara ilijaa kelele zao. Si mayai yote yaliyofaulu, lakini Susu alipata mbegu ya kuanzia. Alimshika Kitheka mkono.

"Asante, mwanangu. Nasikia ni wewe uliyeandika hiyo kitu."

Kitheka alimtazama Kalunde.

"Watoto," alisema Mwalimu Wamaitha, "kifaa kikikataa, usikilazimishe. Kitazame, ujue kinakataa nini. Na kazi ina mwenyewe. Kujisifia ya mwenzako ni uongo, na ukinyamaza mwenzako akijisifia yako, huo uongo unazidi kukua. Kitheka alisema ukweli siku ile tulipouhitaji. Bado mmoja hajausema."

Kalunde aliinua uso.

"Susu," alisema, na sauti yake ikafika mpaka mlangoni, "niliandika mimi."