Bonde Lililosemwa ni Tupu

Wakati wa serikali ya Mwingereza, Rut alifinyanga vyungu karibu na kijiji cha Ngana. Aliyetaka chungu alikijaza mahindi, akampa Rut mahindi, akaondoka na chungu. Mwaka mmoja mafuriko yaliharibu mpunga wa mumewe, Enoki. Watoto wao watatu walilishwa na mahindi ya vyungu tu.

Asubuhi moja Rut alikwenda bondeni kuchimba udongo. Akakuta vigingi na mlinzi.

"Rudi, mama. Hapa kinajengwa kinu cha kukoboa mpunga."

"Na udongo wetu?"

"Waulize wazee wenu. Wametia dole gumba."

Alirudi na kikapu kitupu. Enoki aliinamisha kichwa.

"Barazani tuliulizwa bonde lina nini. Baba akajibu, halilimwi, ni tupu. Tukaitikia."

"Tupu! Uji wako hupikwa kwenye kofia?"

Enoki hakucheka. "Mbona hukuja kusema?"

"Mbele ya baba yako?"

Kwa desturi yao, mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Mzee Yotamu, baba yake Enoki, alikuwapo barazani, na baba wakwe wa wafinyanzi wengine pia. Kwa hiyo wafinyanzi wote walibaki nyumbani.

Hezroni, bwana shamba, alipopita kukagua mpunga, Rut alimweleza huku akilia. Hezroni aliketi chini, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kinu si kibaya," alisema. "Lakini ardhi isiyolimwa nayo ina kazi. Watu huchota udongo, hukata kuni, hulisha ng'ombe. Kila anayeitumia aulizwe. Mipaka itembelewe kwa miguu kabla ya kukubali. Itisheni baraza tena, upesi."

Baraza likakaa. Mzee Yotamu alisogeza kigoda chake nyuma ya ukuta wa mianzi, akageukia upande wa pili.

"Mwambieni mama wa wajukuu wangu aseme," alisema taratibu. "Simtazami. Nasikia."

"Ndaga," Rut alishukuru kwa lugha yao. Akasema yote. Kisha wanawake waliongoza njia, wakaonyesha mashimo yao. Hezroni aliandika ombi kwa wenye kinu, na msimamizi wa kinu akahamisha vigingi.

Lakini mawe ya kujengea yalikuwa yamekwisha kumwagwa penye udongo mzuri. Uliobaki ulikuwa na mchanga mwingi mno, na vyungu vingi vilipasuka motoni. Veronika, mfinyanzi mwenzake Rut, alihamia Busale kwa dada yake. Hakufinyanga tena.

Mwaka uliofuata watu wa kinu waliomba mahali pa ghala.

"Leo hatujibu," Mzee Yotamu aliwaambia. "Wakamwana hawajapatembelea."

Wageni wakakaa chini, wakangoja.