Utepe wa Msumari wa Tatu

Mabati themanini si sindano. Kuyabeba kunahitaji lori, kuyashusha kunahitaji wanaume wenye migongo, na kelele zake husikika kijiji cha pili. Lakini asubuhi ile ya Oktoba 1975, mjini Singida, hakukuwa na mtu aliyeweza kusema mabati themanini ya Shirika la Vifaa vya Vijijini yamekwenda wapi.

Inspekta Gaspari alisimama katikati ya chumba cha teleksi cha shirika hilo, mbele ya mashine ya kutuma maandishi kwa waya, mikono nyuma, tumbo mbele. Katika miaka kumi na tisa ya upelelezi alikwisha kukamata wezi wa ng'ombe, wezi wa asali, na bwana mmoja aliyeiba kengele ya shule akaifanya sufuria. Mashine ilikuwa bado hajaihoji.

"Mwizi unaye hapo," alisema Meneja Kitwana, akimwonyesha kwa kidole mwanamke aliyekaa kando ya mashine. "Felista. Ofisi nzima ni yeye tu anayejua kuandika kwa kitu hiki. Ghala letu la Manyoni limepokea amri kutoka chumba hiki: toeni mabati themanini. Wametoa. Mimi sikuagiza. Nani kaagiza, jini?"

"Na mabati yako wapi?"

"Dereva Mrisho anadai aliyashusha kijiji cha Jitihada. Mwenyekiti wa Jitihada kaniandikia kwamba hajaona bati hata moja tangu yale ya shule, mwezi wa tatu. Kwa hiyo wameyauza, huyu na Mrisho. Ukipekua maduka ya Utemini utayakuta."

"Nimepekua Utemini jana. Nimekuta misumari."

Kitwana hakucheka. Alikwisha kuongea na mkuu wa kituo kwa simu, na mambo yalikuwa yamepangwa: asipopatikana mtu mwingine, kesho saa nne asubuhi Felista angesimama mbele ya hakimu. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetangaza chakula kiko tayari, akarudi ofisini kwake kwenye chupa yake ya chai.

Inspekta alivuta kiti. Hakupenda kumhoji mtu aliyekaa huku yeye amesimama.

"Ndugu Felista, ulituma amri hii?"

"Sikutuma."

"Ilipokelewa Manyoni saa saba na dakika ishirini, tarehe mosi. Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani Mwankoko, nakula. Saa saba kila mtu anakwenda kula. Mlango haufungwi, maana ufunguo ulipotea tangu Januari. Meneja anajua."

"Nani mwingine anajua kuandika kwa mashine hii?"

Hapo ndipo kamba ilipokuwa ikimkaza Felista, na alijua. "Hakuna," alisema. "Nina watoto watatu, ndugu Inspekta. Ningekuwa nasema uongo, hapo ndipo ningedanganya."

Inspekta Gaspari alimpenda kwa jibu hilo. Alijikuna shingo, akatoa mfukoni karatasi aliyoletewa kutoka Manyoni, akamkabidhi. "Isome. Niambie kama wewe ungeiandika hivi."

Felista aliisoma mara moja tu. Uso wake ukabadilika.

"Haina tarehe."

"Manyoni wanasema ni uzembe wako."

"Mimi kila amri naanza na tarehe, naiandika kwa mkono kwenye vitufe. Halafu naweka utepe." Aliinuka kwa haraka, akasahau kwamba alikuwa mtuhumiwa. "Njoo uone, ndugu Inspekta. Hapa ukutani."

Ukutani palikuwa na misumari sita imepangwa mstari mmoja. Kila msumari ulining'iniza utepe wa karatasi, mwembamba kama kamba ya kiatu, umetobolewa vitundu vidogo kutoka mwanzo hadi mwisho. Felista alieleza, na mara hii alieleza kama mwalimu. Unapoandika, mashine inaweza kuyatoboa maneno yako kwenye utepe. Kesho ukitaka maneno yale yale, huyaandiki tena. Unauchukua utepe, unaupachika mdomoni mwa mashine, unabonyeza kitufe. Mashine inakumbuka kila ulichoandika siku ile na kukituma upya, yenyewe, wala huigusi.

"Msumari wa kwanza ni mafuta ya pampu, wa pili saruji," alisema. "Wa tatu ni mabati. Niliuandika mwezi wa tatu kwa ajili ya shule ya Jitihada. Mabati huagizwa kwa maneno yale yale, kwa hiyo nauendesha utepe mpaka linapofika jina la kijiji, nausimamisha, naandika jina jipya, basi."

"Kwa hiyo asiyejua kuandika naye anaweza kuagiza mabati?"

"Akinitazama siku mbili tatu, anaweza. Mimi sikumficha mtu."

"Lakini hawezi kubadilisha jina la kijiji."

"Hawezi. Yatakwenda Jitihada tu."

Inspekta Gaspari alitabasamu taratibu mpaka Koplo Simoni, msaidizi wake aliyekuwa mlangoni, akaanza kutafuta funguo za Landrova. Mpiga teleksi hodari anayetaka kuuza mabati Utemini angeandika Utemini. Aliyeyapeleka Jitihada hakuwa na hila yoyote. Alikuwa na utepe mmoja tu.

"Tuchukue alama za vidole kwenye huo utepe, afande?" aliuliza Simoni.

"Kwenye karatasi nyembamba namna hii? Labda vidole vya sisimizi."

Felista alikuwa ameutungua utepe wa msumari wa tatu, na sasa aliugeuzageuza kiganjani. "Huu haukuzungushwa na mimi," alisema.

Alichukua wa msumari wa pili amwonyeshe. Ule alikuwa ameuzungusha kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho, ukajipinda kama nambari nane, legelege, ili ukiuvuta usijifunge. Wa msumari wa tatu ulikuwa umevingirishwa duara moja gumu, kingo zimelingana, ncha imekunjwa ikafichwa ndani kwa ustadi. Aliyeufanya hivyo alikuwa mtu nadhifu mno.

"Nani hayupo kazini wiki hii?" aliuliza Inspekta.

"Hakuna. Yaani, mzee Zefania, tarishi wetu, yuko likizo tangu tarehe mbili. Huyo hawezi hata kuwasha redio."

Inspekta aliutia utepe mfukoni. Felista alipelekwa kituoni, maana amri ya mkuu ni amri, lakini Inspekta alimwambia askari wa zamu ampe benchi la nje, lenye kivuli, na mtu asimpigie kelele.

Jitihada ilikuwa mbele kidogo ya Sepuka, kijiji cha mwaka mmoja, nyumba zimepangwa mistari kama wanafunzi gwarideni. Mwenyekiti Yohana aliwapokea kwa maji ya kunywa na uso wa mtu asiyejua lolote.

"Mabati? Yale pale, juu ya shule. Hesabu mwenyewe, ndugu Inspekta."

Inspekta alihesabu. Yalikuwa themanini, na yalikwisha kupata vumbi la miezi saba.

"Na lori la juzi?"

"Lori gani?"

"La Mrisho."

"Mrisho gani?"

"Ndugu mwenyekiti, watu wangapi wanaishi hapa?"

"Mia nne."

"Na wote mia nne watanijibu hivi?"

Yohana alifikiri kwa uaminifu. "Watoto sina hakika nao," alisema.

Inspekta alizunguka kijiji. Alitazama ghala la mtama, akatazama chini ya vitanda viwili vitatu kwa ruhusa ya wenyewe. Hakuna kitu. Alipochoka aliegemea ukuta wa zahanati, jengo refu la matofali mabichi lililoezekwa nyasi mpya, nene, nzuri ajabu. Kuku mmoja alirukia kwenye mkokoteni, kutoka hapo akapanda juu ya paa na kuanza kutembea.

Kwa, kwa, kwa.

Inspekta aliinua kichwa. Amezaliwa Ikungi, amekulia katikati ya kuku, na paa la nyasi analijua tangu tumboni. Kuku akitembea juu ya nyasi, hata aliyelala chini hasikii. Hatua za huyu zilikuwa zikilia kama mtu anayepiga chapa.

"Simoni," alisema, "nipandishe."

Simoni alimpandisha, ingawa haikuwa kazi ya mtu mmoja. Inspekta aliingiza mkono ndani ya nyasi hadi kwenye kiwiko, akagonga. Bati likaitika. Nyuma yake mwenyekiti Yohana alivua kofia, akaanza kuichunguza kama ndiyo kwanza anaiona.

Ndani ya zahanati, muuguzi Cecilia, msichana mwenye macho makavu ya mtu anayelala kidogo, alisimama mbele ya kapu la bandeji. Inspekta alitaka kumwuliza habari za paa. Hakumwuliza. Alikuwa akitazama kapu. Kila bandeji ilikuwa imevingirishwa duara moja gumu, kingo zimelingana, ncha imekunjwa ndani. Aliutoa utepe mfukoni, akauweka juu yake. Ulikaa pale kama mtoto kati ya ndugu zake.

"Nani alikufundisha kuvingirisha hivi?"

"Baba. Alikuwa dresa, mfunga vidonda, hospitali ya misheni, miaka mingi."

"Baba yako anaitwa nani?"

Jibu lilitoka mlangoni.

"Anaitwa Zefania. Mwache mtoto, bwana mkubwa."

Mzee alikuwa na manyasi nywelani na kamba ya kuezekea begani. Inspekta alimpa heshima yake kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefika mapema. Nilikuwa nimebakiza upande mmoja."

"Mzee Zefania, kabla hujasema neno, nakuonya kwamba nitaliandika."

"Andika tu. Lakini sina la kusema. Mabati ni ya wananchi, yako juu ya wananchi."

"Vizuri. Basi kesho saa nne Felista atafungwa."

Kamba ilimdondoka mzee begani. "Felista? Felista kafanya nini?"

"Ndiye anayejua kuandika kwa mashine. Unadhani watamshika nani?"

Zefania alikaa chini pale pale, kizingitini. Kumbe hilo hakuwa amelifikiria hata kidogo. Alidhani mashine imetuma, Manyoni wametoa, basi mambo yamekwisha. Machozi yalimtoka bila kujificha, na yule Inspekta aliyepita kwa wezi wa kila namna akaona aibu kuyatazama.

"Nipeleke sasa hivi," alisema mzee. "Ni mimi. Saa saba walipokwenda kula niliuchukua utepe, nikaupachika kama nilivyomwona yeye anafanya, nikabonyeza. Ulipokwisha nikauvingirisha vizuri, maana sipendi kuacha kitu ovyo."

"Kwa nini?"

"Masika iliyopita Cecilia alizalisha mama mmoja humu huku mvua inawanyeshea. Mtoto alizaliwa akalowa papo hapo. Binti yangu alimfunika kwa kifua chake mpaka asubuhi. Kijiji kikaandika barua ya kuomba mabati. Zikawa mbili, zikawa tatu. Tarishi ni mimi, ndugu Inspekta. Zote tatu nilizipeleka kwa mikono hii mezani kwa meneja, na kila nikipita naziona ziko pale pale, chini ya chupa. Tukawa tunaingia masika nyingine. Amri ya Jitihada inaning'inia ukutani, imekwisha kuandikwa, inasubiri mtu wa kubonyeza tu."

"Na nyasi juu ya bati?"

"Hilo wazo la mwenyekiti."

Yohana alikohoa nje.

Kesho yake saa tatu asubuhi, saa moja kabla ya mahakama, Inspekta Gaspari aliingia ofisini kwa Meneja Kitwana akiwa na Zefania na Felista.

"Umemleta mwizi!" alisema Kitwana. "Tarishi! Nani angedhani?"

"Nyanyua chupa ya chai, ndugu Meneja."

"Samahani?"

"Hiyo chupa. Inyanyue."

Kitwana aliinyanyua. Chini yake palikuwa na rundo la karatasi, na ndani ya rundo, zikichungulia pembeni, barua tatu za Jitihada, kila moja na duara la chai. Inspekta aliifungua ya tatu, akaisogeza dirishani. Pembeni paliandikwa kwa wino wa buluu: Wapewe themanini. Zahanati. Tarehe ilikuwa ya Agosti.

"Sahihi hii ni ya nani?"

Kitwana aliitazama. Kisha akaketi. "Yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilisahau kuipeleka kwa Felista."

"Kwa hiyo uliagiza."

"Inaelekea... niliagiza."

"Uliagiza Agosti, ukaiwekea chai. Mzee huyu akaituma Oktoba. Nimempa onyo la maandishi kwa kugusa mashine isiyo yake. Kesi ya wizi sina, maana hakuna kilichoibwa. Lakini kuna mama mmoja aliyelala usiku kucha kwenye benchi la polisi, na sidhani kama ni mimi ninayepaswa kumwomba radhi."

Kitwana alisimama, akamwomba Felista radhi mbele ya wote, kwa maneno kamili, na Felista akaikubali bila kumrahisishia. Mlango wa chumba cha teleksi ulitiwa kitasa kipya kabla ya saa sita.

Zefania alimfuata Felista humo, kofia mkononi. Alikuwa ametayarisha maneno njiani kote, yote yakampotea. Felista alikuwa amekwisha kuandika tarehe kwa mkono, na sasa alikuwa akiwaarifu Manyoni kwamba mabati yameonekana. Alipomaliza aliutoa utepe wa Jitihada kwenye bahasha ya ushahidi aliyorudishiwa na Inspekta, akaufungua wote mpaka ukatanda sakafuni, akampa mzee ncha yake.

"Kidole gumba," alisema. "Halafu cha mwisho. Sio bandeji hii."

Zefania alijaribu, akakosea, akajaribu tena. Mara ya tatu nane ilitokea, imepinda kidogo lakini nane. Felista aliipokea, akaitundika kwenye msumari wa tatu.

"Siku nyingine, baba," alisema, "ukitaka kuitumia mashine, niite nije tubonyeze wote."