Yowe la Natacha

Kila Jumatano na Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Natacha aliosha sufuria, akachukua daftari lake na kushuka barabara ya Kagarama kwenda kusoma hesabu kwa Madamu Xavérine. Watoto waliosoma pale walikuwa wachache, wote wa darasa la sita, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa unakaribia. Madamu aliwataka waje wawili wawili, wapite mlango wa nyuma, na viatu wavivulie ndani, si barazani. Walipokwisha kuketi, alifunga mapazia.

Mambo hayo yalikuwa na sababu yake. Ilikuwa mwaka 1993. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini mwa nchi miaka mitatu nyuma, na Kigali yenyewe haikuwa na usalama. Wiki moja lilirushwa bomu la mkono kwenye kituo cha mabasi, wiki nyingine mtu aliokotwa mtaroni, kichwa kimepasuliwa. Watutsi waliitwa ibyitso, yaani wasaidizi wa adui, na nyumba yoyote yenye wageni wengi ilitazamwa kwa jicho baya. Madamu Xavérine, Mtutsi, mwenyewe aliwekwa ndani vita vilipoanza, na alipotoka alikuta nafasi yake shuleni amepewa mtu mwingine. Mtu mwenye akili zake alijua kwamba watoto wanaosoma hesabu za sehemu hawawezi kupindua serikali. Lakini siku zile akili zilikuwa zimeadimika mjini.

Madamu hakuwa na fimbo. Njia yake ilikuwa hii: aliyepata jibu alikaa karibu na aliyekosa, na alikatazwa kabisa kumtajia jibu. Alipaswa kumuuliza maswali tu, mpaka mwenzake aone kosa lake mwenyewe. Watoto wengine waliipenda njia hiyo. Natacha aliichukia. Alikuwa hodari wa kusoma, wa kuimba na wa kugombana, na kuulizwa maswali na mtoto mwenzake kulimkera kupita kiasi.

Jumatano moja Madamu aliandika ubaoni: Pipa lina maji theluthi mbili. Mama akichota robo ya maji hayo, pipa litabaki na maji kiasi gani?

Natacha alitoa robo kwenye theluthi mbili, akapata tano juu ya kumi na mbili, akanyoosha mkono kwa majivuno.

"Si hivyo," alisema Madamu. "Mutsinzi, kaa naye."

Mutsinzi alikuwa mvulana mpole, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Alisogeza kigoda chake.

"Robo ya nini?" aliuliza.

"Robo ya maji."

"Na wewe umetoa robo ya nini?"

"Nimekwambia, ya maji!"

"Maji yaliyomo, au pipa zima?"

Phiona, rafiki yake Natacha, aliangua kicheko, na wengine wakamfuata. Natacha alihisi uso unamwaka moto. Mutsinzi, maskini, alifikiri hakusikika vizuri, akauliza tena polepole, "Robo ya nini, Natacha?"

Natacha aliinua kompasi ya kuchorea duara aliyokuwa ameishika na kuidunga juu ya mkono wa Mutsinzi. Ncha ya chuma iliingia nyamani. Damu ilitiririka mpaka kwenye daftari, na Mutsinzi akaketi akiutazama mkono wake bila kulia, kama mtu asiyeamini kuwa ni wake.

Madamu alimfunga jeraha kwa kitambaa safi. Kisha akamgeukia Natacha.

"Nje watu wanaumizana kila siku," alisema. "Humu ndani sikubali. Nenda nyumbani, umwambie mama yako ulichofanya, kwa kinywa chako mwenyewe. Ukishamwambia, njoo naye."

Mama yake Natacha aliitwa Mukasine. Alifanya usafi katika ofisi za Kacyiru, akirudi kwa basi jioni, amechoka hoi. Hakuwa mama wa kupiga ovyo, lakini kofi lake likitoka lilitoka kweli. Nyumbani alikuwapo pia Damascène, kaka yake Natacha, kijana mkubwa asiye na kazi. Tangu ajiunge na vijana wa chama tawala, alipewa kofia na bia za bure, akaanza kutembea kifua mbele.

Walipokuwa wakila, Mama aliuliza, "Mama Phiona anasema leo umerudi mapema. Kulikoni?"

Natacha alitazama kiganja cha mama yake. Alikuwa na maneno ya kweli tayari mdomoni, akayameza.

"Madamu amenifukuza," alisema. "Kuna watu wanakuja kwake. Wanafanya mikutano. Ndiyo maana anafunga mapazia."

Damascène aliacha kutafuna. "Watu gani?"

"Siwajui. Watu wazima. Warefu, kama Watutsi."

"Natacha," alisema Mama, "una hakika na hayo unayoyasema?"

"Ndiyo, Mama."

Damascène alinawa mikono, akavaa kofia yake, akatoka. Natacha alimaliza maharage yake kwa raha. Hakuna aliyemuuliza tena habari ya kufukuzwa, na hilo ndilo alilolitaka.

Jumamosi mchana Natacha alikuwa bombani, akingoja zamu yake ya kuteka maji, aliposikia vijana wakiimba. Walitoka kwenye baa ya barabara ya juu, kundi zima, wameshika marungu. Mmoja wao, aliyeitwa Niyonzima, alikuwa na rungu lililopigiliwa misumari. Damascène alikuwa ubavuni pake, akiwaonyesha njia kwa kidole.

Wanawake waliokuwa bombani walichukua ndoo zao, nyingine hazijajaa, wakaondoka. Milango ya uani ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Natacha alielewa wanakokwenda. Aliliacha dumu lake palepale, akakimbia.

Alipofika, mlango wa mbele ulikuwa umevunjwa na pazia limelala chini. Watoto walikuwa chini ya meza wakilia. Kijana mmoja alimvuta Mutsinzi kwa sikio, akamtupa ukutani, akampiga teke la uso. Madamu Xavérine alisimama mbele ya meza, amenyoosha mikono yote miwili kuwakinga waliobaki.

"Iko wapi watu ya mkutano?" alifoka Niyonzima kwa Kiswahili cha barabarani.

"Mkutano ndio huu," alijibu Madamu. "Na wajumbe ndio hawa. Mkubwa wao ana miaka kumi na mitatu."

Niyonzima alishusha rungu. Madamu aliinua mkono kujikinga, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Alianguka kwa magoti, damu ikichuruzika pale misumari ilipochana, na bado hakuondoka mbele ya meza. Kijana wa pili akampiga mgongoni. Wa tatu akavunja ubao kwa teke, akauliza kama hawaoni kwamba mwanamke huyu ana kiburi.

"Kaka!" Natacha alimshika Damascène shati. "Kaka, waache! Nilidanganya! Hakuna mkutano, hakuna mtu yeyote!"

Damascène aligeuka. Kwa kitambo kidogo alionekana kama kaka yake wa zamani. Halafu akatazama wenzake kama wamesikia, akainama sikioni pake.

"Nyamaza wewe. Nimeshawaambia kwamba niliwaona mimi mwenyewe."

"Lakini si kweli!"

Ngumi ilimpata mdomoni. Natacha alianguka nje ya kizingiti, akatema damu na kipande cha jino. Nyuma yake alisikia rungu likishuka tena na Madamu akiguna. Alitambua kwamba ukweli wake, akimwambia Damascène peke yake, haungemwokoa mtu. Na Madamu alikuwa anakufa kwa sababu ya maneno aliyoyasema yeye mezani.

Nchini Rwanda kuna desturi ya tangu zamani. Mtu akivamiwa hupiga yowe, na kila jirani anayelisikia anapaswa kutoka, akiwa na chochote kilicho mkononi. Aliyepiga yowe naye ana wajibu wake: husimama mbele ya watu wote na kueleza kwa nini ameita. Akiita bure, aibu ni yake. Miaka ile watu walikuwa wameanza kuiogopa desturi hiyo. Wakisikia kishindo kwa jirani walijiambia kwamba ni msako, kwamba huenda kweli kuna ibyitso, wakakaa kimya ndani. Siku hiyo pia walikuwa wamekaa kimya.

Natacha alisimama katikati ya njia, akajaza pumzi kifuani, akapiga yowe. Sauti ilitoka na damu. Akapiga tena, na tena, mpaka mlango wa uani wa mzee Rutayisire, kiongozi wa mtaa, ukafunguka. Alitoka na jembe. Akatoka Mama Phiona na mchi, akatoka fundi wa baiskeli na spana, wakatoka watu wa nyumba za chini. Muda mfupi tu njia ilijaa.

"Nani amepiga yowe?" aliuliza Rutayisire. "Na kwa sababu gani?"

Kumwambia mama yake juu ya kompasi, mezani, kwa faragha, kulimshinda. Sasa alitazamwa na mtaa mzima, na vijana wenye marungu walikuwa wametoka barazani kumsikiliza.

"Ni mimi," alisema. "Wanampiga Madamu kwa sababu ya uongo wangu. Hapa hakuna mkutano, tunasoma hesabu. Nilimchoma Mutsinzi kwa kompasi, nikafukuzwa, nikaogopa kumwambia Mama. Basi nikazua kwamba watu wanakuja kwa siri. Sikumwona mtu. Wala kaka yangu hakumwona mtu."

Niyonzima alimkazia macho Damascène. "Wewe si ulisema umewaona kwa macho yako?"

Damascène alirudi nyuma hatua moja.

"Mtoto wangu yumo humo ndani!" alipiga kelele Mama Phiona. Alisukuma watu, akapanda barazani na mchi wake, na wanawake wengine wakamfuata. Kijana mmoja alimpiga Mama Phiona rungu la bega, mama akayumba, lakini fundi wa baiskeli alimrudishia kijana yule spana ya goti. Watu wakasonga mbele kwa pamoja. Niyonzima alihesabu majembe kwa macho, akatema mate chini, akawaita wenzake. Walipokuwa wakiondoka walivunja dirisha lililobaki kwa mawe, wakaapa kurudi. Damascène aliwafuata nyuma, peke yake, kofia imeinamishwa machoni.

Madamu Xavérine alibebwa kwa machela hadi zahanati, wanaume wakipokezana njiani. Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili na mbavu zimeumia, lakini alikuwa hai. Jicho la Mutsinzi lilivimba likafumba kabisa.

Mukasine aliporudi jioni alikuta habari imemtangulia. Natacha alimsimulia yote hata hivyo, kuanzia kompasi, kisha akafumba macho akisubiri kofi. Halikuja. Alipofumbua aliona mama yake ameketi sakafuni, analia.

"Ulitaka kuniulia mtu," alisema Mama, "kwa kuogopa kiganja hiki?"

Laiti Natacha angepigwa, angeona afadhali.

Siku ya pili walikwenda zahanati pamoja. Mutsinzi alikuwapo na baba yake, jicho limefungwa bandeji. Natacha alimpigia magoti, akamwomba radhi kwa mkono na kwa jicho. Mutsinzi aliugusa mkono wake wenye jeraha.

"Nilikuwa nakuuliza tu," alisema. Natacha alilia kwa uchungu kuliko alivyolia kwa jino lake.

Madamu alilala chali, mkono umetiwa plasta. Rutayisire alikuwa ameshamwambia kwamba watoto watasomea uani kwake, mlango wazi, na kila siku ya masomo majirani wawili watakaa nje. Madamu alimwita Natacha karibu.

"Yowe lako limeniokoa, na ninakushukuru," alisema. "Lakini hatujamaliza. Kaka yako alipeleka maneno yako wapi?"

"Kwenye baa, Madamu. Ile ya barabara ya juu."

"Na watu wa baa hawakuwapo jana ulipokuwa ukieleza. Nenda na mama yako na mzee Rutayisire, uwaambie ulivyotuambia sisi."

Walikwenda alasiri ileile. Wanaume waliweka chupa chini kumtazama msichana mwenye mdomo uliovimba. Natacha alisema yote, kwa sauti. Wengine walitazama pembeni. Mmoja, mtu mnene aliyeketi mlangoni, alicheka. "Hata kama ulidanganya, mtoto," alisema, "mwanamke yule lazima ana jambo. Lisemwalo lipo."

Natacha alirudi zahanati miguu mizito, akamweleza Madamu.

Madamu alifumba macho kidogo. "Umeona?" alisema. "Uongo uliusema mara moja, ukaaminiwa kabla hujamaliza kula. Ukishautoa si mali yako tena. Anauokota mwenye rungu, naye anaufanyia kazi anayoitaka. Ndiyo maana kosa dogo linakiriwa siku ileile, lingali dogo. Kofi la mama lingekwisha kuuma kabla ya kulala. Hili je?"

"Nifanye nini sasa, Madamu? Yule mtu haamini."

"Kesho urudi ukamwambie tena."

"Na kesho asipoamini?"

"Keshokutwa pia ni siku."

Natacha alimtazama mama yake, na mama yake akaitikia kwa kichwa. Kesho yake jioni Natacha alimngoja Mama arudi kazini, akapanda barabara ya juu, mama yake nyuma yake, akasimama mbele ya yule mtu mnene, akaanza upya.