Mlango Uliochorwa Ukutani

Siku ile ukumbini walikuwemo watu wanne na nusu: mchoraji, wifi yake, aliyekuja kumsaidia kulea, fundi mwashi, aliyekuwa akiziba nyufa za dari, msimamizi, ambaye wote walimwita Bwana Tai kwa kuwa hata kwenye vumbi la saruji hakuivua tai yake shingoni, na ile nusu, binti mchanga wa mchoraji, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutambaa.

Mlango ulikuwa wazi tena.

Haukuwa mlango wa kweli. Mchoraji aliuchora kwenye ukuta wa nyuma, ule unaopakana na mto, katikati ya picha ya mji mzima: daraja, nyumba kongwe zenye matao, wapiga ngoma vibarazani. Aliuchora kwa kimo cha mtu, kuanzia sakafuni, akauacha wazi ili mgeni ajione kama anaingia mjini. Tangu hapo ukumbi ukaanza kunuka tope la mtoni. Akaingiwa na wasiwasi, akaufunga kwa rangi ya kahawia. Asubuhi akaukuta wazi. Akaufunga tena, na tena, mpaka mkono ukaota sugu.

"Wewe mama, unanichezea?" Bwana Tai alifoka. "Wageni Jumamosi! Leo wazi, kesho umefungwa. Amua moja!"

"Siyo mimi, bosi."

"Basi nani, ukuta?"

Mchoraji alitamani kumrushia kopo la rangi. Hii ilikuwa picha yake ya kwanza kwenye jengo la mji, jengo ambalo mwanawe angepita mbele yake kila siku akienda shule, na hii hapa inamponyoka. Fundi akashuka ngazi, akamwekea kikombe chake mwenyewe cha chai miguuni, akapanda tena. Wema huo mdogo nusura umlize.

"Wifi," dada wa mumewe akanong'ona. "Nyayo hizi za nani?"

Zilikuwa nyayo za maji, ndefu, zisizo na kisigino. Zilizunguka ukumbi mzima, zikasimama kwenye kila dirisha, zikarudi, zikasimama tena, kama za mtu anayetafuta pa kutokea.

Mchoraji akazifuata nyayo kwa macho. "Huyu aliyeingia kwa mlango wangu, mimi ndiye ninayemfungia ndani," akasema polepole. "Kila siku namfungia ndani."

"Mtoto!" fundi akapiga kelele kutoka juu.

Mtoto alikuwa amefika ukutani, anacheka, amenyoosha mkono kwenye kile kiza cha rangi mlangoni, na mkono ukapita, vidole, kiganja, kiwiko, huku ngoma za kwenye picha zikianza kudunda chinichini kama moyo wa mtu aliyelala, na mama yake akaruka akamvuta kwa nguvu zote, na mkono ukatoka mzima, lakini umelowa na unanuka tope.

"Njia hiyo hapo," mchoraji akauambia ukumbi. "Sitaufunga. Pita uende. Mwanangu niachie."

Kisha tai ya Bwana Tai ikainuka yenyewe, ikanyooka kuelekea mlangoni, na mwenyewe akaburutwa nyuma yake kama mbuzi anayepelekwa sokoni, viatu vikikwaruza sakafu, macho yamemtoka.

"Nishikeni jamani! Nishikeni!"

Wifi alikwapua kisu cha kukwangulia rangi, akaikata tai. Kipande kikamezwa na ukuta. Harufu ya tope ikakatika papo hapo.

Bwana Tai alikaa sakafuni akijipapasa shingo. "Piga plasta," akamwambia fundi.

"Mlango tu?"

"Ukuta mzima!"

"Bosi, picha yangu..." Mchoraji akamtazama mtoto. Akaenda kuchota maji ya kuchanganyia saruji mwenyewe. Daraja likafunikwa, matao yakafunikwa, wapiga ngoma wakazama mpaka shingoni, kisha vichwa. Pembeni chini, fundi alisita. Palikuwa na jina la mchoraji.

"Hili nikuachie, dada?"

"Funika tu, kaka."

Jumamosi wageni walikuja, wakasifu sana madirisha. Mchoraji siku hizi anachora vibao vya saluni, vichwa na misuko. Nyumba hachori.