Mapovu Nyuma ya Ua

Mngurumo wa kituo cha kufua umeme ulifika hadi chumbani kwa mshona nguo. Mwenyewe aliupenda. Alishona huku akiusikiliza, na mawazo yake yakasafiri, mara nyingi mpaka kwenye maji.

Maji ndiyo yaliyomtesa. Pa kuchotea palikuwa mbali, na foleni ilimla asubuhi nzima. Kwa hiyo aliota kisima. Aliota kiko kwake, kina mfuniko wa mbao, na yeye anachota apendavyo bila kusukumana na mtu. Mumewe, mwashi mwenye utani mwingi, alimwambia kisima hicho kimeshajaa, kilichobaki ni kukichimba tu.

Siku moja, baada ya mvua, mama huyo alitoka kuanika nguo. Nyuma ya ua kulikuwa na ukanda mrefu wa ardhi tupu wenye vigingi vya njano. Kwenye dimbwi, karibu na kigingi kimoja, mapovu yalikuwa yanapanda taratibu. Alichutama akayatazama mpaka akasahau nguo mkononi. Nyasi kando ya dimbwi zilikuwa zimekauka, ingawa mvua ilinyesha wiki nzima. Aliliona hilo, ila hakulitilia maanani. Moyo ulikuwa umeshaamua kwamba hiyo ni chemchemi.

Mwashi alikuja na sururu begani na sigara sikioni. Alikuwa anachora duara la kisima pale alipotokea jirani yao. Walimwita Dada Mitambo, kwa sababu alifanya kazi kule kituoni, na sasa alikuwa anatoka zamu. Alitazama dimbwi, akasimama.

"Shemeji, ilaze hiyo sururu chini polepole," alisema. "Na sigara usiiwashe."

"Kwani vipi? Tumepata chemchemi."

"Hiyo si chemchemi. Hiyo ni gesi. Tuondoke kwanza, maswali baadaye."

Waliondoka kuelekea upande ule upepo ulikotoka. Njiani waliwaita majirani watoke, wasiwashe wala kuzima kitu chochote. Walipofika mbali ndipo Dada Mitambo akapiga simu, kwa namba iliyoandikwa kwenye vigingi vyote vya njano.

Wakati wakisubiri mafundi, mshona nguo aliuliza gesi imefikaje uani kwake.

"Chini ya vile vigingi limelala bomba," Dada Mitambo alijibu. "Linaleta gesi kituoni. Kule tunaichoma ndani ya mtambo. Joto lake linazungusha mapanga kama ya feni, na mapanga yanazungusha jenereta. Umeme wa cherehani yako unaanzia hapo."

Akawaeleza kwamba bomba likitoboka, gesi hupanda juu. Hutoa mapovu kwenye maji, hukausha nyasi, na pengine husikika ikifoka au ikinuka. Cheche moja inatosha kuilipua, ndiyo maana hata simu haipigwi karibu. Mtu asijaribu kuziba mwenyewe. Na juu ya bomba watu hawajengi, hawachimbi, wala hawachomi takataka.

Mafundi walipofika, walifunga gesi. Punde mngurumo ukakatika. Kinyozi alitoka kibarazani na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Mashine ya kusaga ilinyamaza, na zahanati ikawasha jenereta lake dogo. Mshona nguo alishangaa jinsi mchana ulivyokuwa mtulivu. Hakuwahi kufikiri kwamba ule mngurumo aliokuwa akiusikiliza huku akiota ulikuwa unaendesha mtaa mzima. Alimtazama mumewe, akaogopa kwa jinsi walivyoponea chupuchupu. Hata hivyo, moyoni alikililia kisima chake, na akajionea aibu kwa hilo.

Mafundi walifukua, wakakuta bomba limeliwa na kutu, wakabadilisha kipande kile. Kesho yake mngurumo ulirudi, na yule mteja akarudi kwa kinyozi akiwa amevaa kofia.

Dada Mitambo alijua shoga yake bado ana kiu ya kisima. Kabla mafundi hawajaondoka, aliwaomba wawaonyeshe mahali salama pa kuchimba. Walipima, wakaonyesha mbele ya nyumba, mbali na bomba. Mwashi aliomba kibali, akaanza kazi. Alichimba huku akinung'unika kwamba mke wake angeota angalau udongo laini.

Maji yalipatikana. Walifunga pampu ndogo ya umeme, na majirani wakaja na ndoo zao. Siku hizi mtu wa mtaa ule akitaka kuchimba hata shimo la mti, kwanza huangalia vigingi, kisha hupiga simu kuuliza.

Siku maji yalipotoka mara ya kwanza, mwashi alisimama kando ya mke wake.

"Ndoto yako haikuwa na kosa," alimwambia. "Ilikosea upande wa nyumba tu."

Mshona nguo hakucheka. Aliushika mkono wa mumewe, ule wa sururu, akaushikilia mpaka ndoo ikafurika.