Mbao za Kumfunika Alfani

Jua lilikuwa linazama nilipoingia kiwanjani kwetu kupasua mbao za kaburi la rafiki yangu, na tayari nilikuwa nimeamua kumpunja.

Nasema mapema ili usije ukanihurumia. Aibu hii ni yangu, na bado inaniuma.

Mimi ni Nzanzu, Mnande wa Butembo, mpasua mbao. Kiwanja chetu kiko Kisangani, kwenye njia ya kwenda Bengamisa. Nasema chetu kwa sababu tulikuwa wawili: mimi na Alfani, Mwislamu wa hapa hapa mjini. Mimi nilishika mashine, yeye alishika uzi. Gogo hulipasui kwa macho tu. Unachovya uzi kwenye maji meusi ya unga wa pile, yaani betri, zilizokufa, mmoja anashika ncha hii, mwenzake ncha ile, unauinua katikati na kuuachia, nao unalia: Taa! Mstari mweusi unalala juu ya gogo, na mashine inaufuata. Alfani alikuwa na mtindo wake. Akiwa tayari, aliuvuta uzi mara mbili. Ukishalia, aliuliza, "Imenyooka?" Kila mara. Nilikuwa nikimtania kwamba hata malaika wa kaburini atawauliza hivyo hivyo.

Homa ilimmaliza mchana ule. Kaka yake, Mahmoudi, alinikuta nyumbani, macho mekundu.

"Nzanzu, tutamuzika kesho asubui. Tuko na lazima ya mbao."

"Ya sanduku?"

"Hapana. Sisi hatuzike na sanduku. Tunamulalisha ku kashimo ya pembeni, ndani ya kaburi, tunamufunika na mbao, kiisha njo udongo. Mbao njo inazuia udongo isimuangukie. Donc ikuwe ya nguvu."

"Bon. Nitaleta ya nguvu, kaka."

Na nilikuwa nazo. Ndani ya banda kulikuwa na mbao za kambala, ngumu, zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite, ncha zake zimepakwa rangi kuukuu zisipasuke. Alfani mwenyewe ndiye aliyezipanga na kuzigeuza muda wote wa mvua. Lakini mwenye duka mmoja wa Makiso, mjini kati, alikuwa akizingoja kwa milango yake, na mimi nilikuwa namtaka sana mteja yule. Nje lilikuwa limelala gogo la parasolier, ule mti mwepesi unaoota popote msitu ukikatwa. Mafundi huutumia kushikilia zege, kisha wanautupa. Lilikuwa bichi na limeanza kuota kuvu. Nikajiambia, mbao zitakuwa chini ya udongo, nani atazichungulia?

Ndivyo nilivyomfikiria mtu aliyenishikia uzi miaka yote ile.

Kiwanjani hapakuwa na mtu. Vyura tu, huko bondeni. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo. Nililitia gogo kabari lisiviringike, nikachovya uzi. Ncha ya pili niliifunga kwenye msumari. Nilipovuta, msumari ukatoka. Nikaupigilia tena. Ukatoka tena, na maji ya mti yakatiririka kwenye tundu. Mti haukuweza kushika hata msumari, nami nilitaka ushike udongo wote ule.

Nilikasirika. Na kwa mazoea tu, mdomo wangu ukasema:

"Alfani, shika huko!"

Nikaguna, nikataka kujicheka.

Uzi ukakaza.

Ulikaza polepole… kisha ukavutwa. Mara mbili.

Sikuinua macho. Nilitazama vidole vyangu tu. Pale kiwanjani hunuka maji ya mti na petroli siku zote, lakini sasa kulikuwa na harufu nyingine juu yake, kali, baridi, kama dawa nisiyoijua. Vyura walikuwa wamenyamaza. Na mkono wangu, huu mjinga, ukafanya kile ulichozoea kufanya. Uliuinua uzi, ukauachia.

Taa!

Kila mpasua mbao anajua: mti mbichi ukigongwa hujibu kizito, kama gunia. Mkavu hulia. Na huu ulilia. Haukuwa mlio wa gogo lile.

"Imenyooka?"

Ilitoka bandani. Chini chini… sauti ya mtu mwenye koo kavu.

Nami nikajibu. Ndiyo, nilijibu! "Imenyooka," nikasema, kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Uzi ukalegea.

Niliwasha taa ya simu nikaufuata uzi. Ulikuwa umeliacha gogo, ukavuka nyasi, ukaingia chini ya mlango wa banda. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Nikafungua.

Hakukuwa na mtu. Harufu ile tu, nzito zaidi. Uzi ulikuwa umelala juu ya mbao za kambala, na kando yake mstari mweusi, maji yake bado yanang'aa, ulikuwa umepita katikati ya ubao wa juu. Ulinyooka kuliko mstari wowote niliowahi kupiga.

Ningeweza kuomba msamaha palepale. Niliona haya hata mbele ya banda tupu. Nilibeba mbao tu, nikaondoka.

Asubuhi mtu wa toleka alizisukuma juu ya baiskeli yake hadi kwa kina Alfani. Maiti ilipotolewa ndani, harufu ile ikanipiga usoni. Ni ile ile. Nilimnong'oneza mzee aliyesimama kando yangu.

"Papa, ile iko nini inanuka?"

"Iko kafuri. Banatia ku mayi ya kuosha maiti."

"Bamemuosha wakati gani?"

"Leo asubui, kiisha sala ya alfajiri."

Mimi nilikuwa nimeinusa jana yake jioni, kabla hajaoshwa.

Makaburini, Mahmoudi aligonga ubao wa kwanza kwa vidole. Ukalia. Alinishika bega mbele ya watu wote.

"Muone rafiki! Mukristo, lakini anamupatia ndugu yetu mbao ya milango ya matajiri! Mungu akubariki, Nzanzu!"

Watu wakaja kunipa mkono, mmoja baada ya mwingine. Nilitamani ardhi inimeze, ila pale ardhi ilikuwa na kazi nyingine. Nilipokea sifa zote. Hata nikainamisha kichwa, eti mnyenyekevu! Nikikumbuka kichwa kile, natamani kukikata.

Juma lililofuata nilienda kumsalimu Hadidja, mjane wake. Alikuwa katika eda, kwa hiyo alizungumza nami akiwa nyuma ya pazia, peke yake. Nilikuwa nimeletewa chai.

"Shemeki Nzanzu," akasema, "niko na neno, lakini usinicheke."

"Sema, mama."

"Ninamuona Alfani ku ndoto. Kila usiku. Anaikala pembeni ya kitanda, anasema nikuombe pardon. Ati alikusumbua ku kazi. Ati alijua utasikia haya, lakini aliogopa ile muti ya mayi. Mimi sielewe. Alikusumbua namna gani?"

Alikuwa ananiomba msamaha. Yeye aniombe mimi!

"Sijui," nikasema.

Pazia halikutikisika.

"Bon. Sasa anauliza kama umemusamehe. Jana alisema leo atarudi kutafuta jibu." Sauti yake ikashuka. "Nimuambie nini?"

Nilifungua mdomo. Haya ikanifanya nikiinue kikombe cha chai badala ya kujibu. Nyuma ya pazia walikuwa wananingoja, na pumzi nilizozisikia hazikuwa za mtu mmoja.