Kisanduku cha Arobaini na Moja

Kisanduku kimoja kilizidi. Fundi wa kompyuta alihesabu tena, akigusa kioo cha laptopu kwa ncha ya kalamu. Mashine arobaini za kampuni ile ya kusambaza dawa alizipitia kwa miguu yake, moja baada ya nyingine. Akazichorea visanduku arobaini kwenye ramani, kila kimoja na mshale kwenda kwa idara inayokitegemea, ili mkurugenzi ajue mashine ipi ikizimika kazi ipi inalala. Sasa vilikuwa arobaini na kimoja. Cha mwisho hakikuwa na jina, na mshale wake haukwenda kwenye idara. Ulikwenda kwa dada wa mapokezi.

Akakifuta. Kabla hajamaliza chai, kilikuwa kimerudi.

"Babu, huku stoo kuna mashine nimeiruka?" alimuuliza mtunza stoo.

Mzee aliacha kufunga boksi. "Ipo ya fundi aliyekutangulia, mjukuu wangu. Alikutwa ameilalia, ameshakufa. Tuling'oa nyaya zote."

Nyuma ya rafu palinuka nywele zilizoungua. Mashine haikuwa na waya hata mmoja, lakini ilikuwa ya moto, na ndani yake kitu kilivuta pumzi, kikashusha, kikavuta tena.

Fundi alitoka mbio, laptopu kwapani, akakifuta kile kisanduku akiwa bado anatembea, na papo hapo akasikia kishindo mapokezi, na alipofika alimkuta dada wa watu chali sakafuni, midomo imegeuka rangi, kifua kimetulia tuli, na ndipo alipoelewa kwamba mshale ule ulimaanisha kilekile ambacho mishale yote ilimaanisha: huyu anakitegemea kile, kile kikiondoka huyu naye amekwisha.

Akakirudisha. Kifua kikapanda. Lakini sauti iliyotoka kinywani ilikuwa ya mwanamume.

"Mlinitoa kwenye orodha."

"Muulize anataka nini," alinong'ona mzee wa stoo, aliyekuwa amemfuata nyuma, ameshika ukuta. "Taratibu."

"Unataka nini, kaka yangu?"

"Mtu wa kunibeba."

"Mwache huyu. Ana mtoto anayenyonya."

"Basi nichoree kwingine."

"Mjukuu wangu, usithubutu!" Lakini fundi alikwisha kuuvuta mshale, akauachia juu ya jina lake mwenyewe, aliloliandika pembeni mwa ramani.

Dada wa mapokezi aliketi, akaomba maji kwa sauti yake. Kule stoo mashine ilikuwa baridi, kimya.

"Ameondoka," alisema mzee. Ila hakumsogelea, na fundi aliponyoosha mkono kumuaga, mzee alijifanya anatafuta funguo.

Jua lilikuwa bado halijazama fundi alipobisha hodi nyumbani kwake. Mama mkwe wake alifungua mlango akitabasamu, kisha tabasamu likamfia mdomoni. Macho yake yalipita begani kwa fundi.

"Karibuni," alisema, akasogea kando kupisha watu wawili.